Nimehitimu akupancha, lakini najitilia shaka kila ninapompima mgonjwa

*"Shikamoo mwalimu. Nilisoma akupancha, ile tiba ya sindano ya Kichina, huko China kwa miaka mitano. Nimerudi nyumbani, na huu ni mwaka wa pili nafanya kazi peke yangu kwenye kliniki ndogo Dar es Salaam. Kuchoma sindano siogopi. Naogopa zile dakika kabla ya sindano. Nina mgonjwa mmoja, mama wa miaka 46, anaumwa kichwa, ana kizunguzungu, na anatumia vidonge vya presha. Siku ya kwanza nilishika mkono nikahisi mapigo ya kamba, ulimi mwekundu, nikaandika yang ya ini (upande wake wa joto na nguvu) imepanda. Wiki iliyofuata mapigo yalikuwa ya polepole na dhaifu, nikaandika upungufu wa damu. Mara ya tatu ulimi ulikuwa wa zambarau na una vidoti vyeusi nchani, nikaandika damu imetuama. Akaniuliza, 'Daktari, kwani mimi naumwa nini hasa?' Nikababaika. Usiku nafungua vitabu, na kila ugonjwa ninaousoma naona unamfaa. Wenzangu niliosoma nao wanasema wao wakigusa mkono tu wanajua. Je, mimi sina kipaji? Nirudi China nikasome tena, au niachane na utambuzi nitumie fomula za pointi zilizopangwa tayari?"*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale mama alipokuuliza anaumwa nini. Swali lake ni la haki, na nitalirudia mwishoni, maana nadhani kwenye ziara ijayo unaweza kumjibu.

Kwanza niseme nilivyokuelewa. Huulizi namna ya kushika mapigo, hiyo umefundishwa. Unauliza utajuaje kwamba unachokihisi chini ya vidole kipo kweli, na kwamba jina ulilolipa tatizo la mgonjwa hukulitunga wewe. Kipaji hakihusiani na hilo. Nimefundisha vijana wengi, na waliofika mbali walianza na shaka hiyo hiyo. Walichofanya ni kuitafutia utaratibu.

Wenzako wanaosema wakigusa mkono tu wanajua, usiwaonee wivu. Wang Shuhe, aliyeandika kile kitabu maarufu cha mapigo katika karne ya 3 na kuyapanga katika aina 24, alionya mapema kabisa kwamba jambo hili moyoni linaeleweka kirahisi, lakini chini ya vidole ni gumu kulibainisha. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mwanafunzi wangu lazima alisikie: matabibu watatu wa tiba ya Kichina waliwapima wagonjwa 40 wale wale wa baridi yabisi, kila tabibu peke yake. Utambuzi wao ulilingana kwa takriban theluthi moja tu. Hao hawakuwa wanafunzi. Kwa hiyo anayekuambia haoni ugumu wowote, huenda hajawahi kuweka jibu lake mezani karibu na la mwenzake.

Yuko mtu wa kale ambaye ningependa umfahamu vizuri kuliko wenzako hao. Anaitwa Chunyu Yi, aliishi China katika karne ya 2 kabla ya Kristo, na habari zake zimo katika historia iliyoandikwa na Sima Qian. Mfalme alimtaka aeleze kazi yake, naye akatoa kumbukumbu za wagonjwa 25, kila mmoja na alichokuta kwenye mapigo, alichotabiri na kilichotokea. Wapo waliopona, wapo waliokufa. Mfalme akamuuliza kama huwa hakosei. Akajibu kwamba mara nyingine hukosea, hawezi kuwa mkamilifu. Na sababu yake ya kuandika ndiyo inayonigusa: alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kujifunza, mwalimu wake akafariki. Akabaki peke yake, kama wewe. Akaanza kuandika kila mgonjwa ili aone wapi alipatia na wapi alikosea, akilinganisha na kanuni za mapigo alizofundishwa. Tutarudi kwenye daftari hilo.

Sasa huyu mgonjwa wako. Umeniambia anatumia vidonge vya presha, lakini hukuniambia ni vidonge gani, anavimeza kila siku au siku anazojisikia vibaya tu, wala presha yake ilikuwa ngapi katika zile siku tatu. Hapo ndipo ningeanzia.

Mapigo ni damu inayosukumwa na moyo kupita kwenye mshipa wenye ukuta unaokaza na kulegea. Chochote kinachogusa moyo, ukuta huo, au wingi wa maji mwilini, kitabadilisha unachokihisi. Dawa za presha kama atenolol, bisoprolol na propranolol hupunguza mwendo wa moyo na nguvu ya msukumo. Mtu aliyemeza atenolol asubuhi atakupa mapigo ya polepole na laini hata kama yang ya ini yake imepanda mpaka darini. Siku akikosa dozi mbili tatu, presha inapanda, ukuta wa mshipa unakaza, unahisi kitu kama uzi wa udi uliokazwa kabla ya taarabu kuanza. Huenda siku ya kwanza ulishika mshipa wa mama aliyeishiwa dawa, na wiki iliyofuata mshipa wa mama aliyenunua dawa mpya. Vidole vyako havikukosea. Kilichokosekana ni swali moja.

Ongeza na mambo madogo. Mtu akishuka kwenye daladala aliyosimama ndani yake saa nzima, akapanda ngazi, ukamshika mkono hapo hapo, unapima ngazi. Mpe dakika kumi akae, maji kidogo kama amekaukiwa, mkono ulale usawa wa moyo juu ya kitambaa kilichokunjwa. Mwezi wa Ramadhani, mgonjwa anayefunga atakuwa na mapigo membamba na ulimi mkavu alasiri. Usimwandikie upungufu wa yin, ule upande wa ubaridi na majimaji wa mwili, kwa sababu hajanywa maji tangu daku. Na wako watu ambao mshipa wao umepita upande wa nyuma wa kifundo cha mkono. Ukikuta mahali pa kawaida hakuna kitu, geuza mkono utafute huko kabla hujatishika.

Kwenye ulimi ndiko ninakoona vijana wetu wakipotea zaidi, na kosa ni letu waalimu kwa kutowaambia mapema. Ulimi uliouona kwenye picha za darasani ni ulimi wa Mchina. Sisi watu weusi wengi tuna vidoti vya kahawia au vyeusi kwenye ncha na pembeni mwa ulimi. Ni rangi ya asili, ile ile iliyo kwenye fizi zetu. Haviumi, havibadiliki wiki kwa wiki, na mara nyingi ukimwomba dada yake au mwanawe atoe ulimi utakuta navyo. Ukiviona kwa macho ya kitabu cha Nanjing au Guangzhou, huko China, utaandika damu imetuama kwa nusu ya Dar es Salaam. Kwa mgonjwa wako uliviona mara ya tatu tu, na huenda vilikuwepo tangu siku ya kwanza. Siku hiyo macho yako yalikuwa yameshatekwa na wekundu.

Huo wekundu wenyewe, na hiyo zambarau, je, ulimuuliza alikula nini? Ubuyu wa rangi huacha ulimi mwekundu kama bendera. Matunda ya zambarau hufanya kazi ambayo jina lake linaitangaza. Tambuu, kahawa, vidonge vya madini ya chuma, pipi za watoto alizomegea njiani, vyote vinapaka. Antibiotiki nazo hubadilisha utando. Mimi huwa namwambia mgonjwa tangu anapopiga simu kuweka miadi: siku hiyo usisugue ulimi kwa mswaki, usile chenye rangi. Halafu namtazama karibu na dirisha, kwa mwanga wa mchana. Kliniki yenye mapazia ya kijani haina ulimi wa kweli ndani yake.

Uso hali kadhalika. Vitabu vinasema uso mweupe ni upungufu, wa njano ni unyevu, mwekundu ni joto. Kwa ngozi zetu geuza kope ya chini utazame ndani, tazama midomo, fizi, kucha na viganja. Tazama pia kama ngozi ina mng'ao au imefifia kama iliyopakwa majivu. Hilo linaonekana kwa mtu wa rangi yoyote, na Wachina wenyewe waliliweka juu ya rangi. Manjano ya macho itafute sehemu nyeupe iliyofichwa chini ya kope, maana weupe wa macho yetu uliopigwa na jua na vumbi mara nyingi una ukahawia wa kawaida.

Kuna jambo jingine ambalo halimo vitabuni, nalo ni lugha. Yale maswali kumi mliyoimbishwa, ya Zhang Jiebin wa enzi ya Ming, yanaanza na baridi na joto, kisha jasho. Nanjing mwezi wa kwanza, mtu akisema anasikia baridi, amekupa habari. Dar mwezi wa pili, ukimuuliza mama, "Unasikia baridi au joto?" atakushangaa. Kila mtu anasikia joto, kila mtu anatoka jasho. Swali lenyewe ni kumlinganisha na wenzake: Mkiwa chumba kimoja, nani anaomba feni izimwe? Usiku unajifunika khanga, shuka au blanketi? Maji ya kwenye friji unayapenda au unayaogopa? Unatoka jasho kuliko unaolala nao, au sawa nao? Mgonjwa akisema "mwili unawaka moto", mpime homa kwanza, kisha umuulize unawaka wapi, maana anaweza kumaanisha miguu inayochoma usiku, na miguu inayochoma ina maswali yake ya kisukari. Akisema "presha", muulize anahisi nini presha ikipanda. Wengine wanamaanisha mapigo ya moyo kwenda mbio, wengine hofu. "Gesi" inaweza kuwa chochote kuanzia kitovuni mpaka kooni. Kijana anapomuuliza mama wa umri wa shangazi yake habari za hedhi, aanze na samahani, aseme ana swali la ndani kidogo na kwa nini analiuliza, na ikiwezekana awepo mama mwingine wa hapo kliniki. Lakini aulize. Mama wa miaka 46 anayeumwa kichwa na kizunguzungu, usipojua kama hedhi yake imekuwa nzito, hujamchunguza.

Nikupe tukio langu mwenyewe, kwa sababu linaeleza hatari ambayo naiona kwenye barua yako pale uliposema kila ugonjwa unaousoma unamfaa.

Mwaka wangu wa tatu wa kazi alinijia fundi seremala, mgongo unauma chini kidogo ya mbavu. Mapigo membamba, ya haraka kiasi. Amechoka, amekonda, usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: upungufu wa yin ya figo. Kila kitu kiliingia mahali pake: mgongo ni nyumba ya figo, jasho la usiku ni yin, kukonda ni yin, mapigo ni yin. Nilijiamini sana siku ile. Nilimchoma mara sita, na kila mara alisema amepata nafuu siku moja mbili. Dada yake ndiye aliyempeleka hospitali baada ya miguu kuanza kulegea. Kilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alitibiwa, akapona, akabaki na kibiongo.

Nadharia yetu ina majibu kwa kila dalili. Huo ni uzuri wake na hapo hapo ndipo inapodhuru, kwa sababu kitu kinachoweza kueleza dalili yoyote kinaweza pia kufunika dalili ya hatari na kuipa jina la kupendeza. Jasho zito la usiku na kukonda, kwa nchi zetu, ni kifua kikuu mpaka vipimo viseme hapana. Tangu seremala yule nimetenganisha maswali mawili ambayo zamani nilikuwa nayachanganya. La kwanza: je, huyu ni wa kwangu, au ni wa hospitali kwanza? La pili: kama ni wa kwangu, sura ya tatizo lake kwa lugha ya Kichina ni ipi?

Swali la kwanza linahitaji uthabiti, na habari njema ni kwamba uthabiti wake haupitii kwenye vidole. Unapitia kwenye mashine ya presha, kipimajoto, mizani, kipimo cha sukari na maswali ambayo huruki hata kama foleni imefika barabarani. Kwa mgongo: ameanza kushindwa kuzuia mkojo au choo, ganzi kati ya mapaja, miguu kulegea, homa, kukonda, maumivu yanayomwamsha usiku, historia ya saratani, kuanguka. Kwa kichwa: kimekuja ghafla kama amepigwa nyundo, homa na shingo ngumu, mdomo kupinda, mkono kukosa nguvu, maneno kukwama, macho kuona ukungu, mjamzito, au ni maumivu mapya kwa mtu aliyepita miaka 50. Ukipata moja kati ya haya, sindano zinarudi kwenye pakiti na unaandika barua ya rufaa: umri wake, anacholalamikia na tangu lini, ulichopima kwa tarakimu, dawa anazotumia, na unachokihofia. Usiandike yang ya ini kwenye barua hiyo, haitamsaidia daktari atakayeipokea. Mpigie simu mgonjwa kesho yake ujue alifika.

Swali la pili linaruhusiwa kuwa la muda. Wengi hawakufundishwa hivyo, wakabeba mzigo wa kutaka kuwa na hakika kabla ya sindano ya kwanza. Zhang Zhongjing, yule mzee wa homa wa mwishoni mwa enzi ya Han, ana mistari mingi kuhusu wagonjwa waliokwisha kutibiwa vibaya, na agizo lake ni kutazama mapigo na dalili, kujua kosa ni lipi, na kutibu kulingana na hali iliyopo sasa. Utambuzi wako wa kwanza ni dhana unayoipeleka kwenye jaribio, mradi mgonjwa yuko salama.

Na dhana haijaribiwi kama haijaandikwa. Nunua daftari kubwa la kurasa za mistari. Kila mgonjwa mpya ana ukurasa wake, na nusu ya juu unaiandika *kabla* ya sindano: maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili chake, ulichokiona na kukigusa, bila kukipa maana bado, kisha sentensi moja, nadhani ni hivi, chini yake sentensi ya pili, kama si hivyo basi ni hivi. Halafu mstari ambao wengi wanauruka: natarajia nini kibadilike, baada ya matibabu mangapi. Kwa mfano, "Natarajia kichwa kipungue kutoka siku tano kwa wiki hadi tatu baada ya ziara nne, na usingizi uwe wa kwanza kutengemaa." Na mwisho, kitu gani kikitokea nitaiacha dhana hii. Nusu ya chini unaiacha wazi. Ziara nne baadaye unajaza kilichotokea.

Faida yake utaiona polepole. Kwanza utaacha kubadilisha utambuzi kila wiki, kwa sababu umeshajiambia utangoja ziara nne isipokuwa dalili ya hatari itokee. Pili, utaanza kuona makosa yako yana tabia. Mimi, baada ya kurasa kama themanini, niligundua nilikuwa naona mapigo ya kamba kwa karibu kila mtu aliyekuja jioni. Ilikuwa mimi niliyechoka, vidole vyangu vinabonyeza kwa nguvu.

Tahadhari moja hapa. Mgonjwa kupata nafuu hakuthibitishi kwamba utambuzi ulikuwa sahihi. Maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Uchambuzi mkubwa uliotoka mwaka 2018, wa majaribio 39 na wagonjwa 20,827 wenye maumivu ya muda mrefu, ulionyesha akupancha inasaidia, lakini tofauti kati ya sindano halisi na sindano za kuigiza ilikuwa ndogo kuliko tofauti na kutochomwa kabisa. Kwa hiyo mtu anaweza kupona mikononi mwako huku jina uliloandika likiwa si lake. Ndiyo maana nasisitiza *kutabiri*: "atapata nafuu" haitoshi, andika nafuu ya nini, lini, na kwa mpangilio gani.

Kuhusu vidole vyenyewe, kwa miezi mitatu weka kando majina 28 ya mapigo yanayofundishwa siku hizi. Shika mikono ya watu kumi kila siku, wagonjwa, majirani, muuza maji, na ujibu mambo matatu tu. Mwendo: kwa pumzi yako moja, yanapiga mara nne au tano kama kawaida, au yamezidi, au yamepungua? Kina: yanasikika ukigusa juu juu, au mpaka ubonyeze karibu na mfupa? Nguvu: ukibonyeza, yanakusukuma au yanakata tamaa? Haya matatu tayari yamekupa joto na baridi, nje na ndani, ziada na upungufu. Yakishatulia, ongeza umbo: kamba, au ule utelezi wa shanga zinazobingirika chini ya kidole. Ukimpata mwenzako hata mmoja, mshike mkono mtu yule yule, kila mmoja aandike pembeni bila kusema, kisha mfunue karatasi. Siku za kwanza itauma. Usiruke zoezi hilo, ndilo lililonisaidia kuliko semina zote.

Usitegemee mapigo na ulimi peke yake. Papasa tumbo, mgongo na mikondo ya miguu na mikono, tafuta palipokaza, palipo baridi, pa kubonyea. Katika karne ya 17 Japani, Sugiyama Waichi, tabibu kipofu, alianzisha shule za akupancha kwa wasioona, na kazi yote ya kuangalia rangi wao hawakuwa nayo. Mikono ilitosha kujenga tiba nzima. Kupapasa kuna faida moja kwa anayejifunza: pointi inayouma ukiibonyeza kabla ya sindano, unaibonyeza tena baada ya dakika tano, mgonjwa anakuambia hapo hapo kama imebadilika.

Umeuliza urudi China au la. Kama una uwezo na shauku, nenda, lakini usiende kutafuta hakika. Utarudi na vitabu zaidi na shaka ile ile. Ningekushauri kwanza utafute mtu mzima wa kazi hii ukakae naye nusu siku kwa wiki. Timu za madaktari kutoka jimbo la Jiangsu, China, zimekuwa Zanzibar tangu 1964, na za jimbo la Shandong Tanzania Bara tangu 1968, na baadhi zimekuwa na tabibu wa akupancha. Wewe Kichina unakijua. Nenda kwa adabu, omba kuketi pembeni na kushika mkono baada yake. Mafunzo ya video yanakufaa kwa nadharia, lakini mapigo hayapiti kwenye skrini. Na kama hujakamilisha usajili wako kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa na sheria ya 2002, kamilisha, maana huko pia ndiko utakakokutana na wenzako.

Fomula zilizopangwa sizidharau. Goti la mzee, kiuno cha dereva, kichefuchefu, fomula nzuri inatosha, na ukiwa umechoka itakulinda na ubunifu mbaya. Ila haitakuambia kwamba mjamzito asichomwe pointi ya mkononi iitwayo *Hegu* wala ile ya mguuni iitwayo *Sanyinjiao*, na haitakuuliza kuhusu jasho la seremala. Itumie kwenye swali la pili, kamwe usiiweke mahali pa la kwanza.

Na kama hofu hii imeanza kukunyima usingizi, moyo unadunda kila mlango ukigongwa, umeanza kukwepa wagonjwa, hilo si la daftari tena. Ongea na mtu ana kwa ana, daktari au mshauri nasaha.

Sasa mama. Akija, mkalishe dakika kumi, mpime presha mikono yote miwili, mwambie alete vidonge vyake vyote kwenye mfuko uvione kwa macho yako. Muulize kwa upole ni siku ngapi amekosa dozi mwezi huu, na kwa nini. Mara nyingi jibu ni fedha. Usimwambie apunguze wala aache. Muulize hedhi. Geuza kope. Kama presha imefika 180 kwa 120 au zaidi, mpumzishe upime tena. Ikibaki pale huku kichwa kinauma, kifua kinabana au macho hayaoni vizuri, anakwenda hospitali saa hiyo hiyo na wewe unamsindikiza mpaka apate usafiri. Kama kope ni nyeupe au hedhi ni nzito, anahitaji kipimo cha wingi wa damu wiki hii, na neno lako "upungufu wa damu" lisichanganywe na hilo. Kwetu ni sura ya ugonjwa, maabara ni tarakimu. Vivyo hivyo usimwambie ini lake lina shida. Ataenda kuuza kuku wake alipie vipimo vya ini.

Kisha mjibu lile swali, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Mama, uliniuliza unaumwa nini, na siku ile sikukujibu vizuri. Leo nimepima haya na haya. Presha yako iko hivi, nayo inaweza kuwa sehemu ya kichwa chako, kwa hiyo ninaandika barua umwone daktari wako juu ya dawa. Kwa upande wangu nadhani mwili wako umekaza juu na umechoka chini. Nitakutibu hivyo mara nne. Tukifika ya nne kichwa hakijapungua, nitakuambia nilikosea, na tutaangalia njia ya pili ambayo nimeshaiandika hapa." Mwonyeshe ukurasa. Mpe tarehe ya ziara ya nne siku hiyo hiyo, uiandike kwenye kadi yake na kwenye daftari lako.